Kofia Zenye Kamera

Msimamizi alipotugawia kofia zenye kamera ndogo mbele, machale yalinicheza. Kiwanda chetu cha mikate kiko Lanham, na kazi yetu mwishoni mwa mstari ilikuwa kutenganisha skonzi zilizotoka kwenye oveni zikiwa zimeshikana, bila kuzichuna, kisha kuzipanga kwenye trei. Tuzivae wiki mbili, alisema, tufanye kazi kama kawaida, ni mambo ya usalama. Usalama gani wa kuchunguza vidole vyangu? Nimeishi Amerika miaka ya kutosha. Mtu akinichekea huku akinipa kitu cha bure, mimi nasoma yale maandishi madogo.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu. Ndiye aliyekuwa akinipitia asubuhi kwenye fleti zetu Laurel, maana mimi gari sina. Yeye alivaa kofia yake mara moja.

"Iko kofia tu, dada," aliniambia. "Tutumike." Kwao kutumika ndiyo kufanya kazi, na huyo mama alitumika kwelikweli. Mikononi mwake skonzi ziliachana zenyewe. Trei ikijaa aliigonga kwa kiganja mara mbili, akaisukuma, akavuta nyingine.

Mimi nikaamua kuwachezea. Nilijua kuna mashine inasomeshwa kwa mikono yetu, na mwalimu wa bure siwi. Kila skonzi niliigeuza huku na huku bila sababu, nikaiweka, nikaitoa tena. Trei zangu zikawa zinabaki nyuma.

Mama Mkongo sikumwambia. Mara mbili nilimkuta akiongea na msimamizi, shefu kama alivyomwita, karibu na mlango, wakanyamaza nilipopita, nikajiambia huyu naye anapeleka maneno. Asubuhi nilipanda gari lake, tukaomba pamoja kabla ya kuingia barabara kuu, na bado nilimshuku. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya miezi michache roboti mbili zikaletwa kufanyiwa majaribio, moja mahali pa mama Mkongo, moja mahali pangu. Ile yake ilitenganisha skonzi vizuri ajabu, na trei ilipojaa ikaigonga mara mbili. Alicheka mpaka akafuta machozi, akaita wenzetu waje waone inavyomwiga. Ile yangu iligeuza skonzi huku na huku, ikaziangusha sakafuni. Moyoni nilifurahi sana.

Ijumaa mama Mkongo aliitwa ofisini, akaambiwa hahitajiki tena. Mimi nikaambiwa nibaki, nifanye kazi ya mkono mpaka roboti yangu irekebishwe.

Alinirudisha nyumbani vilevile, mfuko wa vitu vyake ukiwa kiti cha nyuma. Njiani nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, kuanzia siku ya kofia.

"Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza.

Ningeweza kudanganya. "Niliogopa utanichoma kwa msimamizi."

Tulifika Laurel, akaegesha, akazima gari, akabaki ameshika usukani.

"Shefu aliniuliza mara mbili juu ya nini uko unachelewa," alisema. "Alitaka kukufukuza. Nikamwambia mugongo inakuuma, akuache, zile trei zako zenye kubaki miye nitazimaliza."