Tulivyoogopa kumstaafisha Tata Adjuda, dereva wa basi la shule Kolwezi

Wakuu, habari za huko mliko.

Niko Kolwezi, nauza spea za magari. Hii ninayowaletea imenitokea mwenyewe. Mke wangu amesoma rasimu akasema sijaongeza chumvi, ila nimejipunguzia ujinga wangu. Basi nimeurudisha wote.

Kiswahili chetu cha huku kina Kifaransa ndani, mnivumilie.

Kuna mzee anaitwa Mukaz. Mtaani hakuna anayemwita hivyo, ni Tata Adjuda (tata kwetu ni baba), kwa sababu alitoka jeshini na cheo cha adjudant. Alitoka mwili tu, kichwa kilibaki kambini.

Alizaliwa upande wa Kapanga, karibu na Musumba. Akaingia jeshini bado kijana. Nchi ikabadilishwa jina, ikabadilishwa tena, yeye anapiga saluti tu.

Ana kovu refu mkononi. Watoto wanaamini ni la risasi. Mkewe, Mama Agnès, aliniambia ni sufuria ya maharage. Miaka yote ile mzee alikuwa dereva wa lori la jikoni.

Baada ya jeshi akaendesha malori ya mgodi, kisha akanunua basi kuukuu la wamisionari, akaanza kubeba watoto wa shule. Ana miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hiyo. Kuna watu aliwabeba wakiwa na meno ya utoto, leo wanampandishia watoto wao.

Ndani ya basi ni kambi kamili. Mnapanda kwa mstari, majina yanaitwa, ukichelewa kuitika unaimba peke yako mpaka shuleni.

Binti yangu Zaina ana miaka saba. Nikimwita aje kula, anasimama wima kwanza: "Présent!" Ndipo ananawa mikono.

Tulimpenda sana huyu mzee, wakuu. Tatizo likawa macho.

Ilianza kidogo kidogo. Mwendo ukapungua mpaka baiskeli za makaa zikawa zinampita, na magunia yake.

Halafu asubuhi moja akasimama kituoni, akafungua mlango, akapiga honi.

"Panda, mutoto, tunachelewa!"

Aliyekuwa anaambiwa ni mbuzi.

Mbuzi akapanda.

Zaina anasema alikaa kwa adabu kuliko wavulana wa darasa la nne. Walikuja kumgundua shuleni, hesabu ya wanafunzi ilipozidi mmoja.

Tulicheka wiki nzima. Kisha tukaacha kucheka, maana barabara ile inapita malori ya madini, makubwa kama nyumba, na siku atakayoliona lori vibaya hakuna atakayebaki wa kusimulia.

Wazazi tukakutana. Sote tukakubaliana kwamba mzee aache usukani. Wa kumwambia sasa, kila mtu akawa anaangalia viatu vyake.

Tukamtuma Mama Béatrice, mwalimu mstaafu, mwanamke asiyeogopa hata mahakama. Akaenda. Akarudi na filimbi shingoni. Kumbe ameshapewa kazi ya kuwavusha watoto barabara!

Tukamtuma pasta. Naye akarudi akiwa mchungaji wa kikosi. Tangu siku hiyo kila Jumatatu anabariki matairi.

Wa tatu nikawa mimi. Nikasema moyoni, mimi ni mfanyabiashara, maneno ndiyo mtaji wangu, siwezi kushindwa na babu mmoja.

Nikaenda Jumapili mchana. Mama Agnès akaleta bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki. Mzee akaningoja nimalize kula, halafu akaniuliza.

"Tata Zaina, uko na shida?"

"Hapana, Tata. Nilikuya kuwasalimia tu."

Hapo ndipo nilipouza mechi. Nikajikaza nikajaribu tena.

"Tata, ile basi imezeeka sana..."

"Njo maana Mungu amekutuma! Kuanzia leo weye njo chef, mukubwa wa mafundi wote."

"Ndiyo, mon adjudant."

Wakuu, nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nilisimama na mfupa wa samaki mkononi nikapiga saluti. Na juu yake nikaahidi kumletea breki mpya.

Mama Agnès akanisindikiza hadi getini. Tulipofika akanikamata shati.

"Tata Zaina, weye njo unamuuwa huyu muzee."

"Mimi, Mama?"

"Amechoka. Miaka tatu sasa. Kila asubuhi anaomba Mungu basi ikatae kuwaka. Na inawaka! Juu ya bitu byako!"

Betri nilimpa mimi. Starta nilimpa mimi. Kila kilichokufa kwenye basi lile nilikifufua mimi kwa bei ya heshima, nikijiona mtu mwema. Kumbe miaka mitatu nashindana na maombi ya mzee, tena namshinda!

"Sasa mbona haachi tu?"

"Ni soda. Soda haachake poste bila ordre. Anangoja bamupe ordre."

(Soda kwetu ni askari, msije mkafikiria kinywaji. Poste ni lindo lake, na ordre ni amri.)

"Ordre ya nani?"

"Ya muntu yeyote mwenye cachet."

Yaani sisi tunamwogopa yeye, na yeye yuko pale anangoja mtu amwamrishe. Tumetuma wajumbe watatu na hakuna hata mmoja aliyebeba karatasi.

Kesho yake tukaandika amri. Ikabaki cachet, yaani mhuri. Mkurugenzi wa shule alikuwa safarini na mhuri wa shule amefungiwa ofisini. Uliokuwa karibu ni wa duka langu, umeandikwa BREKI, KLACHI NA FILTA.

Tukagonga mara mbili ili karatasi iwe na uzito.

Siku ya Jumatano, uwanjani, watoto wote kwenye mistari. Mzee akaja na magwanda yake ya zamani. Vifungo viwili vilikataa kabisa kufika upande wa pili.

Nikasoma kwa sauti: "Adjudant Mukaz anaamriwa kuacha usukani kuanzia leo, na kupumzika bila kusumbuliwa na mtu."

Tangu asubuhi nilikuwa najizuia kucheka. Nilipoinua macho nikaona kidevu chake kinatetemeka. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Cachet iko?" akauliza.

"Iko, mon adjudant."

Akaichukua karatasi akaisogeza mpaka puani. Nikajua sasa anasoma klachi.

"Iko mbili," akasema, taratibu, kwa heshima kubwa.

Akapiga saluti, akavua kamba ya ufunguo shingoni, akanikabidhi. Kisha akaniinamia sikioni ili watoto wasisikie.

"Na kesho niamuke saa ngapi?"

"Saa yoyote unayotaka, Tata."

Hakuamini. Aliniuliza mara mbili.

Basi sasa linaendeshwa na Mama Chantal, aliyekuwa anaendesha malori ya machimbo kwenye mgodi uitwao Mashamba. Huyo anamwona mpaka sisimizi. Watoto wanamwogopa kuliko walivyomwogopa Adjuda.

Mzee alilala siku mbili mfululizo. Mama Agnès alikuwa anaweka kiganja mbele ya pua yake kuangalia kama bado anapumua.

Nilichojifunza: unaweza kumsaidia mtu mpaka ukammaliza, kwa sababu tu hukumuuliza anataka nini. Na kuna wazee wetu wanaoonekana wakali kumbe wanangoja mtu mmoja awaambie inatosha, nenda ukapumzike.

Kama kwenu yupo wa namna hii, mwageni hapa chini tusome. Na wale mtakaoniambia nimeghushi hati ya serikali, karibuni dukani, filta zipo.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameniuliza mzee yuko wapi sasa. Amepanda lori kwenda Kapanga kumwona dada yake, ambaye hakumwona miaka mingi kwa sababu ya basi. Jana alinipigia simu.

"Tuko mbele ya Sandoa. Camion imekwama mu matope. Bantu bote banasukuma."

"Pole sana, Tata. Na weye unasukuma?"

"Mi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mi ni passager, bwana! Nimekaa huku juu na karanga zangu, ninabaangalia!"