Siku Niliyogonga Pipa Nyasho

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijajaa. Alirudi Butiama na mikono yake miwili na miguu yake miwili, ndugu wakachinja ng'ombe. Mama aliolewa naye miaka michache baadaye akidhani amepata mume asiyependa maneno mengi. Hakujua kwamba mtu huyo hawezi kukaa akiupa mlango mgongo, wala kwamba radi ikipiga karibu ataingia uvunguni na kumvuta naye kwa nguvu. Mchana mmoja mama alimgusa bega amwamshe ale ugali. Baba akamkaba shingo. Sisi watoto ndio tuliombandua vidole, kimoja kimoja. Mama alijifunga mtandio shingoni wiki mbili, akawaambia majirani ana mafua.

Sisi tulikua tukijua namna ya kuishi naye: usimwite kutokea nyuma, usidondoshe sufuria, usichome manyoya ya kuku upepo ukielekea nyumbani. Hakuna aliyesema kwamba anaumwa. Ilisemwa tu kwamba ndivyo alivyo.

Alipozeeka nilimchukua nikae naye Musoma, pale Nyasho, ambako nina fremu ya ushonaji. Mama alibaki Butiama na shamba lake. Aliniambia waziwazi, "Miaka yote hiyo nimelala jicho moja wazi, mwanangu. Sasa na wewe kaa naye."

Asubuhi baba alikuwa akija fremuni, anakaa kwenye benchi, mgongo ukutani, ananisikiliza nikishona. Mlio wa cherehani ulimtuliza. Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kijiwe cha bodaboda, na miongoni mwa vijana wale alikuwapo mmoja wa Bweri, mchangamfu, mwenye sauti ya kuchekesha watu.

Siku ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Baba alikuwa anavuka barabara na mfuko wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, pikipiki ya yule kijana ikatoa mlipuko kwenye ekzosi. Baba akajitupa chini kifudifudi. Furu wakatawanyika vumbini, naye akatambaa kwa viwiko mpaka mtaroni, akalala humo huku ameziba masikio. Watu walishtuka, kisha mmoja akacheka, wakacheka wote.

Siku ya pili haikuwa bahati mbaya. Yule kijana alijifunza kuzima na kuwasha swichi pikipiki ikiwa kwenye mwendo ili ilipuke anapotaka. Alimsubiri baba afike katikati ya barabara. "Kamanda! Adui huyoo!" Halafu paa! Mzee wa watu, aliyelinda nchi hii, anatambaa kwenye maji ya mtaro huku watu wanakula chapati wakimwangalia.

Nilimfuata kijiweni. Nilimwita kaka, nilimwomba kwa adabu.

"Yule ni mgonjwa," nikamwambia. "Vita ndivyo vilivyomfanya hivyo."

"Dada, tunamchangamshaga tu mzee," akasema, wenzake wanatabasamu. "Mbona mwenyewe hakasirikagi?"

Wiki ile mteja wangu mmoja, mama kutoka Suguti ambaye hakujua ukoo wangu, alinionyesha video kwenye simu yake. Ilikuwa imetumwa kwenye makundi. Baba yangu anatambaa, kofia imemtoka, suruali imelowa mbele, na mtu ameiwekea muziki. Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi nikacheka. Nilicheka ili asijue kwamba yule ni baba yangu. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Nilirudi kwenye cherehani nikaapa kwamba kijana yule atalala kwenye vumbi lilelile, na watu watamwangalia.

Baba aliacha kutoka nje. Alihamishia kiti chake kwenye kona ya chumba, akawa hata kuoga anataka nisimame mlangoni. Nilimbembeleza twende Bunda, kwenye hospitali ambayo nilisikia kuna muuguzi anayeongea na watu wenye shida za akili. Nilichagua Bunda kwa sababu Musoma angeonekana na watu wanaomjua. Alikataa. "Mimi sio kichaa," alisema, na kwa siku tatu hakula chakula nilichopika.

Miezi ikapita. Kisha ikaja habari kwamba yule kijana amepata ajali barabara ya Bunda. Tairi la lori lilipasuka pembeni yake, lori likamfuata na kumburuza. Mguu uliwekwa vyuma. Majirani walisema pole. Mimi nilifunga fremu mapema, nikanunua sato mzima, nikampikia baba. Sikumwambia tunasherehekea nini.

Yule kijana alipotoka hospitali alirudi akitembea kwa magongo, na watu wakaanza kunong'ona kwamba hayuko sawa. Honi ya gari ikilia anashika mtu wa karibu. Mtu akibamiza mlango anatokwa na jasho. Niliposikia hayo moyo wangu ulifurahi kwa namna ambayo siwezi kuificha.

Siku moja akaja fremuni na mke wake. Alitaka suruali zake zipasuliwe mguu mmoja, zipite kwenye vyuma. Hakuniangalia usoni.

"Njooni Alhamisi saa sita," nikasema. Saa sita ndio muda ambao barabara ile inajaa watu.

Nilijiandaa kama mtu anayeandaa harusi. Mbele ya fremu kulikuwa na pipa la chuma la kukingia maji ya mvua, nikalimwaga. Nikatafuta kipande cha nondo. Alhamisi asubuhi nikambembeleza baba mpaka akakubali kutoka, nikampeleka stendi mimi mwenyewe, nikampandisha gari la Butiama akamsalimie mama, nikasubiri mpaka gari likaondoka.

Saa sita walifika. Kijiwe kilikuwa kimejaa. Nikamkabidhi mke zile suruali, nikamwacha yule kijana aanze kuvuka barabara. Alipofika katikati, palepale, nikainua nondo kwa mikono miwili, nikalipiga pipa kwa nguvu zangu zote.

Alianguka kama gunia. Magongo upande huu, yeye upande ule, analia "Mama! Mama!" Suruali yake ikalowa. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu, na nasema kweli, sijawahi kusikia utamu kama ule.

Ndipo nikamwona baba.

Mama alikuwa amekwenda msibani, baba akakuta mlango umefungwa, akageuka na gari lilelile. Alikuwa ameingia mtaani kwetu wakati napiga pigo la kwanza. Sasa alikuwa chini, anatambaa kwa viwiko vyake vya mzee, lakini hakuelekea mtaroni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa yule kijana, akajilaza juu yake, akamfunika kichwa kwa mikono.

"Tulia," alimwambia. "Usiinue kichwa. Bado wanapiga. Nipo."

Nondo ilinitoka mkononi. Hakuna aliyecheka. Yule kijana alimshika baba shati akamng'ang'ania, na wakakaa hivyo mpaka bodaboda wenyewe walipokuja kuwainua.

Jioni baba alinawa viwiko vilivyochubuka, akakataa nisimpake dawa. Kesho yake alitoka nje kwa hiari yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaenda Bweri kumjulia hali.

Mwezi uliofuata walikwenda Bunda pamoja, kwa sababu kijana alisema haingii kwa muuguzi bila mzee, na mzee akasema haachi mtu nyuma. Mimi nilimwomba baba miezi, akanigomea. Huyu alisema mara moja. Nilikaa nao kwenye benchi la hospitali mpaka walipoitwa, nikaona mlango unafungwa, wao wako ndani, mimi niko nje na mke wake.

"Mume wangu anataka kuja kukuomba msamaha, dada," yule mke akaniambia. "Anaogopaga tu."

"Aendelee kuogopa," nikamjibu.

Wanakwenda kila mwezi. Baba sasa analala usiku kucha, na juzi alimsimulia mama jambo moja la vitani, la kwanza katika ndoa yao yote. Namshukuru muuguzi yule. Kijana anapita fremuni kwangu, ananiamkia, "Shikamoo dada," na mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi nisimsikie.