Kuanza Sala Upya

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuanza sala upya kila nilipokosea neno. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeachiwa kuongoza sala ya jioni mbele ya rafu ya miungu yetu ya Kihindu, kwenye fleti yetu mjini Woodbridge. Nyimbo za sala hiyo nilijifunza mwenyewe kwa video, nikiogopa kumwaibisha baba. Mama alikuwa akirudi kutoka kazi yake ya kulea wazee, anavua viatu na kusimama nyuma yangu akiwa na sare yake, akisubiri nimalize.

“Mwanangu,” aliniambia siku moja, “Mungu kashakusikia tangu mara ya kwanza. Sasa unamchosha, na mimi pia.”

Nilicheka, nikaanza upya. Baada ya hapo akawa anapitiliza chumbani kulala, nami nikawa nasali peke yangu.

Jioni ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, nilimsihi aje. Nilikosea ubeti wa pili, nikakatiza wimbo ili nianze upya. Yeye akaichukua taa ya sala mkononi mwangu, akaizungusha mbele ya miungu huku akiimba kwa sauti iliyokauka, akikosea kuliko mimi. Nilikuwa nimechoka mno hata nikashindwa kumsahihisha, nikamfuata mpaka mwisho.

Siku hizi nikikosea naendelea, na mama anasali nami kabla ya kulala.