Siku Kaka Alipouliza Makaburi

Sifa njema ni zake Mola, asiyemuuliza mja wake katoka wapi bali kaja na nini.

Mjukuu wa kaka yangu anafundisha historia mtaa wa Nyakabiga, hapa Bujumbura. Mwaka jana aliposwa na fundi magari wa Bwiza. Kwa kuwa baba yake alikwisha fariki, walii wake alikuwa babu yake, yaani kaka yangu, mwenye duka la vitambaa hapa mtaani Asiatique. Kaka akakataa.

“Mi siwezi kumutoa mutoto wangu kwa watu wa kuja,” alisema. “Babu zao walitoka Kongo na misafara.”

Binti hakulia. Alimmiminia babu yake chai, akamweleza habari za Wamisri wa kale: walivyowachora wageni, kila kabila na ndevu zake na nguo zake, wakawacheka, na mtumishi aliyetoka upande wa mashariki walivyomwandika “Mwasia” pamoja na jina lake. Lakini watoto wa watumishi hao walipewa majina ya Kimisri, na baada ya muda wakawa Wamisri tu.

“Na sisi, babu, wangetuandika nani?”

“We nyamaza. Sisi asili yetu Omani.”

“Basi wangekuandika Mwasia.”

Kaka alisukuma kikombe.

Hata hivyo aliwaruhusu waje. Wazee wa Bwiza wakaketi mkekani baada ya Alasiri. Desturi yetu ni kuulizana nasaba kabla ya jibu, na msemaji wa nyumba nilikuwa mimi. Kaka hakunisubiri. Alitaka kuwaaibisha.

“Mababu zenu wamezikwa wapi?”

Mzee wao akahesabu kwa vidole, bila haraka. “Baba, hapa Bujumbura. Babu, hapa. Baba yake babu, hapa hapa. Na nyie, shehe?”

Kaka naye akakunja kidole kimoja, akaishia hapo. Baba yetu tu ndiye aliyezikwa hapa. Babu yetu yuko Maskati.

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya binti: “Jibu basi, Mwasia!”

Wanawake wakaangua kicheko. Nikaogopa. Kaka alinitazama, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanzu.

“Haya, wenyeji,” akawaambia wageni. “Mgeni wenu amekubali.”

Akainua mikono mwenyewe, akaanza Fatiha. Vigelegele vilifika barabarani, wenye maduka wakatoka kuuliza kuna nini, nasi tukawaita wote ndani.

Wewe unayesoma, Mola akupe jamaa usiowatarajia, na aijaze nyumba yako furaha. Amin.