Erika Yangu Chini ya Nailoni

Niliapa kwamba erika, kile kichaka adimu cha juu mlimani, kitaota kwenye kitalu chetu cha Kilema, mtu apende asipende. Wenzangu walishakata tamaa. Mimi nikachomeka mchangani vitawi vya mwisho tulivyopewa na watu wa misitu, nikavifunika kwa nailoni. Ili isivilalie, niliiegemeza kwenye vijiti vya masale, mmea ambao sisi Wachagga hupeleka jani lake tunapoomba msamaha.

Nilikataza mtu kufunua, unyevu usitoke. Wiki zikapita, nikaona ukijani kupitia ukungu wa nailoni. Nikatamba! Nikamwita mwenyekiti wetu, Bibi Ndeonasia, na kikundi kizima.

"Shikamoo, bibi. Leo mtaniheshimu."

"Marahaba. Haya, funua."

Nikafunua kwa mbwembwe. Erika yote ilikuwa imeoza, nyeusi tii. Vilivyoota ni vijiti vyangu vya masale, vimestawi hasa.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi akachuma jani moja, akanipa.

"Shika. La kusema unalijua."

Nikamrudishia jani kwa mikono miwili.

"Nisamehe, bibi. Na uniombee vitawi vingine."