Jina la Rili ya Tormod

Nenda arusi yoyote huku kwetu kisiwani Skye, Uskoti, utasikia watu wakipaza sauti, "Marsaili! Tupigieni Marsaili!" Vijana wanadhani ni mrembo fulani aliyemtosa mpiga fidla. Wapumbavu. Mimi nilikuwa jirani, ukuta kwa ukuta, nami nitasema ilivyokuwa.

Tormod ndiye aliyekuwa mpiga fidla wetu, mcheshi, mvivu wa shamba, mkono mwepesi kwenye nyuzi. Mkewe Beathag alikaa miaka bila mtoto mpaka watu wakachoka kumsema. Aliposhika mimba, Tormod akaanza kutunga rili ya karamu ya ubatizo, ngoma ya kasi ambayo hata mimi na goti langu bovu ilininyanyua kitini. Nikimuuliza inaitwaje, anajibu, "Subiri, shemeji. Bado haijabatizwa."

Kwetu jina la mtoto halitamkwi kabla ya maji ya kanisa. Watu wa kilimani, wale wasioonekana, wakilisikia watamwita nalo, naye atawafuata. Kwa hiyo jina hukaa vifuani mwa baba na mama tu. Sisi wengine binti yule tulimwita Mgeni.

Mgeni alizaliwa mdogo mno, kifua kikimkoroma. Bibi Peigi, mkunga, alimwekea sikio, kisha akamgeukia Tormod. "Mwanangu, kamwite mchungaji. Leo hii."

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mchungaji wetu mpya alikuwa ametangaza kwamba fidla ni mdomo wa shetani, na kwamba hatabatiza mtoto wa nyumba yenye fidla. Tormod alikuwa amemcheka mpaka machozi. Siku ile hakucheka. Aliifunga fidla kwa shali ya mkewe akatoka nayo mbio kwenye mvua. Beathag akanisukuma mlangoni. "Nenda naye, mwenzangu. Akianza kutukana, mzibe mdomo."

Hakutukana. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya nyumba ya mchungaji.

"Hii hapa, Mchungaji. Ichome, ipasue, ifanye kuni. Ila twende sasa hivi, nakusihi."

"Si hapa," mchungaji akasema. "Dhambi ya hadharani huachwa hadharani. Jumapili, mlangoni pa kanisa, utaitia motoni kwa mkono wako, wenzako wakikuona. Hapo nitambatiza."

"Jumapili hafiki!"

"Bwana akipenda, atafika."

Aliyetukana ni mimi. Sijatubu mpaka leo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Tormod alikwenda ufukoni kutafuta mashua ya kumvusha kwa mchungaji wa ng'ambo, lakini bahari ilikuwa imechafuka, hakuna aliyekubali. Akarudi akamwomba Bibi Peigi ammwagie mtoto maji yeye mwenyewe. Beathag akakataa kwa ukali. "Maji ya mkunga hayawadanganyi wale wa kilimani! Mnataka wamchukue?"

Akamkumbatia mtoto wake akauma midomo. Mama yeyote angemwita mwanawe kwa jina, walau ageuze macho. Beathag hakuthubutu, aliona akilitamka tu atakuwa amemuua kwa kinywa chake. Ilikuwa ni "Mgeni wangu, Mgeni wangu," basi. Jumamosi asubuhi, uji ukiwa bado motoni, Mgeni aliacha kupumua. Hakuwahi kusikia jina lake.

Walimzika nyuma ya ukuta wa makaburi, upande wa nje, kama wanavyozikwa wasiobatizwa.

Jumapili moto uliwashwa mlangoni pa kanisa hivyo hivyo. Tormod akaja na fidla, Beathag kando yake. Mchungaji akamnyooshea kidole kwenye moto. Tormod akaiweka fidla begani, akapiga ile rili, siku ya Sabato, mbele ya wazee wa kanisa. Nakwambia, hakuna aliyesogeza mguu. Nililia mpaka nikashika ukuta.

"Unapiga nini siku ya Bwana?" mchungaji akafoka.

"Nambatiza binti yangu," Tormod akasema. "Anaitwa Marsaili."

Beathag alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tormod akaitia fidla motoni. Hakushika nyingine mpaka anakufa.

Lakini wanawake tulikwisha kuinasa rili. Tuliiimba kwa vinywa tukikamua ng'ombe, tukichoma viazi, mpaka wapiga fidla wengine wakaidaka, na sasa hakuna arusi isiyo nayo.

Ikiitishwa, Beathag hutoka nje. Mwaka jana nilimfuata, nikamwambia kwa upumbavu wangu, "Furahi basi, mwenzangu. Kisiwa kizima kinalijua jina lake."

"Ninyi mnasikia ngoma," akasema. "Mimi nasikia mwanangu anaitwa, na haitiki."