Goti Moja Kutoka Kibati

Mwaka wa 1994 nilikuwa na miaka kumi na minne, na Goma nzima ilinuka moshi. Wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka wengi kama siafu, wakakata kila mti wenye jani, wakapika, wakafa, wakalazwa ndani ya mikeka kando ya barabara ya Kibati. Lakini pua yangu mimi inakumbuka harufu nyingine, ya mkaratusi mbichi unaporandwa. Ilitoka karakana ya baba mdogo wangu, Bahati, hapo Katoyi. Mimi na mama tulilala nyuma ya karakana hiyo, kwenye kibanda cha mabanzi, tangu vita vya Masisi vilipomla baba mwaka uliotangulia. Baba mdogo alitengeneza chukudu. Asiyetoka kwetu ajue kwamba chukudu ni baiskeli ya mti, haina pedali wala mnyororo; ina usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi, na ubao mrefu katikati wa kubeba magunia. Mwaka ule kila mtu alikuwa na kitu cha kusafirisha, kwa hiyo randa zililia tangu alfajiri. Harufu iliingia kibandani kabla ya uji, na siku nyingi uji wenyewe haukuingia.

Mguu wangu wa kushoto ulikauka kwa polio nikiwa sijajua kusema vizuri. Watoto wa baba mdogo walipewa patasi na nyundo. Mimi nilipoomba patasi, alikwenda jikoni akaleta sahani ya bati yenye bonde upande mmoja, akaniwekea mapajani mbele ya mafundi. "Huo muguu njo kazi yako, Bauma," akasema. "Wenzako wanatafuta kazi. Weye, kazi imekutafuta." Wakacheka mpaka msumeno ukasimama. Kuanzia hapo nilipelekwa kila asubuhi kwenye mzunguko wa barabara ya Kibati, nikaketi juu ya jiwe jeusi la volkano linalokata makalio, nikanyoosha sahani. Kilichoanguka ndani kilikwenda kununua misumari yake. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, lakini baba mdogo alijiona amekwisha kuumbwa, akakaushwa na kupakwa vanishi.

Pale karakana palikuwa na sheria moja. Hakuna aliyepewa patasi yake mwenyewe kabla hajateremsha chukudu yenye mzigo kutoka Kibati, kule juu mlimani, hadi mlangoni, maana fundi asiyejua mti unalia wapi kwenye mteremko hawezi kujua wapi aongeze nguvu. Nilipoomba mara ya pili, baba mdogo alitangaza kwa sauti, wateja wakisikia, kwamba siku nitakayoteremka na mzigo kutoka Kibati atanipa patasi aliyoishika mkononi. Alijua anasema nini. Ilikuwa kama kumwahidi kuku meno.

Ila mtu anayeombaomba ana kitu kimoja ambacho tajiri hana, nacho ni muda wa kutazama. Kutwa nzima chukudu zilipita mbele yangu na makala, yaani makaa ya kupikia, na kabichi, na siku moja nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Mwendeshaji wa chukudu hupiga goti. Mguu mmoja umekunjwa juu ya ubao, umelala kama mgonjwa, haufanyi lolote. Mwingine ndio unaosukuma ardhi, na kwenye mteremko ndio unaokanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ili kufunga breki. Watu wote wale wenye miguu miwili walikuwa wanafanya kazi kwa mmoja. Mguu wangu uliokufa ulikuwa umeandaliwa mahali pake muda wote huo, na baba mdogo, aliyetengeneza mahali hapo kwa mikono yake, hakuwahi kupaona.

Kulikuwa na kijana muuza kabichi, Hamuli, ambaye hakuwahi kuweka hela sahanini. Aliweka kabichi, akisema hela ya wakimbizi ina kipindupindu. Nikamwambia safari hii asinipe kabichi, anipe chukudu. Alinitazama mguu, akatazama ubao wake, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Kumbe," akasema. Jioni kadhaa alinifundisha kwenye kilima cha nyuma ya kanisa. Nilianguka, nikachubuka, mama akanipaka majivu bila kuuliza. Asubuhi moja Hamuli alinisukuma hadi Kibati nikiwa nimeketi juu ya ubao kama chifu, tukapakia magunia mawili ya makala, nikapiga goti. Sahani niliivaa kichwani.

Sitasahau upepo ule. Watu waliobeba magodoro na watoto waliruka pembeni. Mpira wa breki uliungua chini ya mguu wangu mzima hadi nikanusa nyama yangu. Mti ulilia pale shingoni, chini ya usukani, nikajua hapo ndipo pa kuongeza nguvu. Nilipofika Katoyi sehemu ya tambarare nilisukuma mwenyewe mpaka mlangoni, nikaitupa sahani kwenye maranda ya mbao mbele ya baba mdogo, nikanyoosha mkono nipewe patasi.

Baba mdogo akageuza patasi mkononi, akairudisha kwenye sanduku. "Mulima njo umekushusha," akasema. "Hata jiwe inashuka mulima."

Nikaokota sahani. Alidhani narudi kwenye jiwe langu. Tulihama usiku uleule, mimi na mama, na mwaka uliofuata mimi na Hamuli, kwa hela za kabichi zake na ujuzi wa macho yangu, tulifungua karakana ng'ambo ya barabara, tukichagua mahali ambapo baba mdogo akifungua mlango asubuhi uso wake ukutane na wangu. Chukudu zangu zilikuwa na shingo nene, hazikuvunjika Kibati, na wateja wakavuka barabara mmoja mmoja. Niliwachukua kazini wale ambao wengine waliwakalisha juu ya mawe: Furaha asiyesikia, Papa Mbusa wa mkono mmoja, vijana waliokanyaga mabomu ya vita vilivyofuata. Siku hizi watu wa mashirika wanakuja na makaratasi, wananiuliza mlemavu aingizwe vipi kazini. Nawajibu kwamba waitazame kazi kwanza, mguu baadaye. Wanaandika kana kwamba ni jambo gumu.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Pikipiki zilipojaa mjini, watoto wa baba mdogo waliuza randa zake, wakaondoka. Miaka mitatu iliyopita alivuka barabara mwenyewe, mikono ikitetemeka. "Bauma, mutoto yangu, uniangalizie hata kakazi kadogo." Nikamwambia kazi iko. Mikono yake imekwisha lakini sauti ipo, akae kwenye kiti mlangoni, aite wateja. Anaita vizuri. Na kila Jumamosi, mafundi wote wakiwa wamesimama, mshahara wake namwekea katika sahani ile ya bati, namnyooshea. Siku ya kwanza alilitambua bonde lake. Alipokea. Padri ananiambia nisamehe. Namjibu kwamba yeye baba mdogo hakunilipa kamwe, mimi namlipa kila wiki, na sahani siibadilishi.

Leo nina karakana ya tofali yenye umeme. Nina nyumba Katoyi na shamba Kibati. Nina randa ya mashine, mafundi kumi na mmoja, na baiskeli ya magurudumu matatu niliyojitengenezea. Mama yu hai, anakula asubuhi na jioni. Patasi ninazo nyingi. Sahani ni moja.